TEMBEA NA DAFTARI: Mvua za Kwanza Kitulo



Je, daftari lako unalo? Na kalamu? Vizuri. Mwezi huu chukua na sweta, maana tunapanda mlimani na huko kuna baridi.

Tunakwenda Kitulo. Kitulo ni uwanda wa juu ulioko Nyanda za Juu Kusini, kati ya Mkoa wa Mbeya na Wilaya ya Makete katika Mkoa wa Njombe. Sehemu kubwa ya uwanda huo iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna msitu mkubwa pale juu. Kuna majani, vilima, mabonde yenye maji, na upepo. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, Frederic Elton, alipita huko, na Wazungu wakaupa uwanda jina lake, kana kwamba haukuwa na jina kabla.

Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 413. Sasa sikiliza jambo la ajabu. Hifadhi nyingi zilianzishwa kwa ajili ya tembo, simba na nyumbu. Hii ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni okidi zinazoota ardhini.

Najua yuko msomaji anayecheka. Anasema, "Maua? Ua haliliwi." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Ua linaliwa, na hapo ndipo penye shida. Tutafika.

KIPUPWE KIKIISHA

Katika nchi za Ulaya mwaka una majira manne. Mwezi wa Machi theluji huanza kuyeyuka, na maua madogo hutokeza. Watu wa huko hutoka kutembea njiani ili waone ua la kwanza na ndege wa kwanza. Wengi huandika tarehe. Baba huandika, mtoto huandika, na baada ya miaka mingi familia ina kumbukumbu nzuri.

Sisi pia tuna wakati wa kuchipua, ila unakuja miezi mingine. Pale Kitulo miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kipupwe. Usiku sakitu huanguka, na asubuhi majani ni meupe kama yamemwagiwa unga. Majani hukauka. Mwezi wa Septemba jua huanza kuuma. Oktoba ni joto na vumbi. Mwishoni mwa Novemba mvua huanza, nazo huendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo wakati miti ya Ulaya inavua majani yake, yetu inavaa.

Anza kutazama ukiwa bado chini, Chimala, kabla ya kupanda ile barabara yenye kona nyingi. Tazama miti ya miombo kwenye mteremko. Mvua haijanyesha hata tone, lakini miti imetoa majani mapya, tena mekundu. Mgeni atadhani inaungua au inakauka. La. Mizizi yake huenda chini sana, na mti umeweka akiba ya maji na chakula tangu mwaka jana. Rangi nyekundu hulilinda jani changa na jua kali. Baada ya majuma machache jani hugeuka kijani.

Usisubiri mvua ndipo uandike. Andika hivi:

"Oktoba 3. Miombo ya mteremkoni imekuwa myekundu. Mvua bado."

Hayo ni maneno saba na tarehe. Yanatosha.

Tega na sikio. Katika siku hizo kuna ndege anayeita sauti tatu, kila moja chini ya mwenzake, tena na tena tangu alfajiri. Jina lake ni kekeo. Watu wa sehemu nyingi humwita ndege wa mvua, na wengine husema yeye ndiye anayeileta. Halileti wingu, ndugu msomaji. Anafuata viwavi na wadudu, ambao huwa wengi majani yanapochipua. Ni ndege mvivu kidogo: hutaga katika kiota cha ndege mwingine, akamwachia kazi yote ya kulea. Lakini kwa kukumbusha watu kutengeneza majembe, ni karani mzuri.

JUU, KWENYE ARDHI ILIYOUNGUA

Nilipanda kwa miguu pamoja na bibi mmoja mwenyeji wa kijiji cha kando ya hifadhi. Sitamtaja jina, kwa sababu utakazoziona mbele. Tulisalimiana.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mjukuu wangu. Viatu hivyo vitakuumiza."

Alisema kweli. Kufika juu nilikuwa nachechemea, na yeye alikuwa mbele akinisubiri, fimbo mkononi.

Pale juu tulikuta mahali palipoungua. Ardhi ilikuwa nyeusi, kama sakafu ya jiko. Mimi niliona majivu tu. Bibi alichuchumaa, akanionyesha kwa fimbo. Katikati ya weusi ule palikuwa na ua dogo, halafu jingine, halafu mengi, njano na meupe, yamekaa chini karibu na udongo bila hata jani.

Yametoka wapi? Mimea hiyo ina viazi au mizizi minene chini ya ardhi. Moto hupita juu upesi, kiazi kimelala chini salama. Majani marefu yakishaungua, jua linafika udongoni, nao mmea huchukua nafasi kabla majani mengine hayajaufunika. Huchanua kwa chakula chake cha akiba, bila kungoja mvua.

Usije ukasema gazeti limekuambia uwashe moto. Ndege wengi wa uwanda huu hutaga chini, kwenye majani. Moto ukija kwa kuchelewa, wakati wa mayai, unachoma kizazi kizima. Tandawala ni mmoja wao. Ni ndege mkubwa mwenye miguu mirefu, hutembea kama mzee mwenye shamba lake. Wakati wa kutafuta mke dume hujaza upepo shingoni na kifuani mpaka manyoya meupe yanatuna kama mto wa kulalia, naye anaonekana kutoka mbali sana. Tuliona wawili. Bibi alisema zamani walikuwa wakionekana wengi zaidi.

Kisha bibi akanishika mkono. "Simama. Tazama lile shimo."

Lilikuwa shimo la muhanga. Muhanga ni mnyama anayetembea usiku akichimba mchwa, na huacha mashimo mengi. Tulikaa kimya. Mara ndege mdogo akaja chini chini, akaingia shimoni kama mshale. Alikuwa mbayuwayu, lakini si yule wa paa la nyumba. Huyu ni wa rangi ya buluu iliyokolea, anang'aa kama chuma kipya, na mkia wake una nyuzi mbili ndefu. Huitwa mbayuwayu buluu.

Ndege huyu huja Nyanda za Juu Kusini kuzaa, kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba. Hujenga kiota kwa matope na nyasi ndani ya shimo, chini ya ardhi. Mvua zikiisha, karibu na Aprili, huondoka kwenda kaskazini, pande za Ziwa Victoria na Uganda. Duniani hawakubaki wengi, na wanahesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini. Sababu ni rahisi kueleza: nyika yenye majani mafupi na mabonde ya maji ikilimwa yote au ikipandwa miti, mbayuwayu huyu hana pa kuwinda wala shimo la kulala. Ukimwona, andika tarehe, na andika shimo liko upande gani wa njia. Usiingize fimbo shimoni.

MVUA IKINYESHA

Mvua ya kwanza ikishika, mambo huenda haraka mpaka kalamu inashindwa. Kuna ua refu lililosimama kama mwenge, rangi ya moto. Chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, hulishikilia na kunyonya utamu wake. Kuna maua ya zambarau yaliyofunguka kama kiganja. Kuna maua ya manjano yanayojaza bonde zima. Kuanzia Desemba mpaka Machi ndipo maua huwa mengi kabisa, na kila juma lina sura yake. Siwezi kuyataja yote, na nikiyataja utachoka.

Ila okidi nitaieleza, kwa maana ndiyo iliyonileta huku.

Okidi ya Kitulo haipandi mtini. Huota ardhini kwa shina moja lililosimama, na maua madogo mengi yamepangwa juu yake kama punje kwenye suke. Kuna nyeupe, kuna za waridi, za manjano, za kijani. Wataalamu wana majina yao: Disa, Satyrium, Habenaria. Chukua Satyrium moja uitazame kwa karibu, bila kuichuma. Nyuma ya kila kiua utaona vijipembe viwili, kama pembe za mwanambuzi. Ndani ya vijipembe mna maji matamu. Mdudu huja kunywa, na chavua humnata. Akienda ua jingine anaipeleka huko, na mbegu zinapatikana.

Sasa chimba kwa macho, si kwa jembe. Chini ya shina kuna viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa. Hicho ndicho kinachotoa chakula cha ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa. Hicho ni akiba ya ua la mwaka kesho. Kama mkulima anayekula gunia moja na kuweka jingine la mbegu.

Mchimbaji hukitaka kile kipya.

CHIKANDA

Kuna chakula kiitwacho chikanda. Ni chakula cha zamani cha kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba. Viazi vya okidi hukaushwa na kutwangwa kuwa unga. Unga huo huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, ukapikwa mpaka ukashikamana. Ukipoa hukatwa vipande kama mkate. Huonekana kama soseji nene, ingawa hauna nyama. Nimekionja. Ni kitamu, sitasema uongo.

Zamani kilikuwa chakula cha vijijini. Baadaye watu wa mijini huko Zambia wakakipenda, kikauzwa sokoni na kando ya barabara. Okidi za kwao zikapungua. Wachuuzi wakageuka kutazama upande wa Tanzania. Mwaka 2003 watafiti walichapisha makadirio yao: kila mwaka viazi kati ya 2,200,000 na 4,100,000 vilikuwa vinatoka Tanzania kwenda Zambia. Soma tena hesabu hiyo polepole. Kiazi kimoja ni ua moja.

Bibi hakunificha. Yeye alikuwa mchimbaji.

"Mjukuu wangu, mimi nilichimba miaka mingi. Mwanzo debe lilijaa asubuhi moja, kabla jua halijawa kali. Baadaye likawa la siku nzima. Baadaye siku tatu, na viazi vyenyewe vidogo kama maharage."

"Mbona hukuacha, bibi?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Madaftari ya wanangu yalitoka wapi? Sare ilitoka wapi? Pareto bei ilianguka. Mchuuzi alikuja mlangoni na pesa mkononi. Wewe ungemfukuza?"

Sikumjibu. Na wewe msomaji, ukisoma habari hii ukiwa umeshiba, usiwe mwepesi kumhukumu. Mwenye kuchimba alipata shilingi chache. Faida kubwa ilikuwa barabarani na sokoni, mbali na yule aliyepiga magoti kwenye tope.

Hata hivyo hesabu haimhurumii mtu. Kwa nini okidi hairudi upesi kama kiazi mviringo? Kwa sababu mbegu yake ni laini kama vumbi. Mahindi, punje yake imebeba chakula cha kumlisha mche. Mbegu ya okidi haina chakula. Ikianguka, lazima ikutane na kuvu wa aina fulani katika udongo. Kuvu ndiye mlezi, huilisha mpaka ipate nguvu. Wasipokutana, mbegu inakufa. Wakikutana, bado itapita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Ndiyo maana ni vigumu sana kuilima shambani. Bonde lililochimbwa lote halina mbegu za kuanzia tena.

Kung'oa mmea wowote ndani ya hifadhi ni kosa. Kadhalika, okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Mtu akikuambia, "Hivi ni viazi tu, mama," mwambie alete kibali.

DAFTARI LA BIBI

Tuliporudi kijijini jioni, bibi alinikaribisha uji. Kisha akatoa daftari kutoka chini ya mto. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa amepita miaka sitini, katika darasa la kisomo. Herufi zake ni kubwa, na zinapanda kidogo kuelekea kulia. Lakini zinasomeka kuliko zangu.

Kando ya shamba lake, nje ya mpaka wa hifadhi, kuna kibonde chenye chemchemi. Hapo ndipo alipochimbia mara ya mwisho. Aliacha mimea michache, anasema kwa kuchoka tu, si kwa wema. Mwaka uliofuata ilichanua. Akaihesabu. Tangu hapo huihesabu kila mwaka, siku ileile anayopalilia viazi kwa mara ya kwanza.

Alinifungulia ukurasa. Mwaka wa kwanza: "Maua 9." Mwaka wa pili: "Maua 11." Wa tatu: "Maua 10, mvua ilichelewa." Wa nne: "Maua 17." Ukurasa wa mwisho ulikuwa hivi:

"Desemba 12. Maua 14. Mashimo 5."

Niliuliza, "Ni nani, bibi?"

"Namjua. Ni mjukuu wa jirani. Pikipiki yake ina deni."

Hakwenda kumshtaki, na hakunyamaza. Alimwita yule kijana, akamfungulia daftari, akamsomea ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho. Kijana aliinamisha kichwa. Hakuahidi kitu. Bibi naye hakumwomba ahadi. Alipeleka habari ya mashimo kwa mwenyekiti wa kijiji, bila jina la mtu, ili izungumzwe mkutanoni pamoja na habari ya bei ya viazi. Mimi naona alifanya sawa. Kuna watakaosema angetaja jina. Niandikieni mawazo yenu.

Bibi aliniomba nisiandike kibonde kiko wapi. Siandiki.

Sasa zamu yako. Huhitaji kufika Kitulo. Chagua njia moja unayopita kila siku: ya kisimani, ya shambani, ya zahanati. Tangu Oktoba mpaka Desemba andika mambo manne: tarehe, mahali, ulichokiona, na idadi yake. Kama hujui jina la ua, tumia jina la kwenu, au andika rangi na urefu. Ndege usiyemjua, andika sauti yake. Andika pia siku ya mvua ya kwanza ya kulowesha udongo mpaka kina cha kiganja. Mwaka kesho fungua ukurasa huohuo ulinganishe. Ukiona mashimo mapya mahali penye maua, hesabu mashimo pia, upeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa askari wa hifadhi.

Wanaotaka kupanda Kitulo kwenyewe, ofisi ya hifadhi iko Matamba. Kuna kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko wageni wa nje. Omba mtu wa kukuongoza, pita njiani, usikanyage kando, maana kando ndiko maua yaliko. Asubuhi ni bora. Mchana ukungu hushuka ghafla, na mtu anaweza kupotea hatua mia moja kutoka njiani.

Mwezi ujao tutakaa chini kando ya bwawa na kusikiliza vyura. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu.